Karatasi ya baba mdogo

Ilikuwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, yenye doa la mafuta ya taa pembeni. "Nimepokea sh. 600,000 kwa kahawa kilo 120." Chini kuna dole gumba la baba mdogo na sahihi ya mnunuzi isiyosomeka. Tarehe haipo, nakala haipo.

Hiyo ni Januari 2024. Huku Kibosho, Kilimanjaro, mibuni ndiyo kwanza inatoa maua, na ada ya shule inadaiwa. Wakakubaliana shilingi 5,000 kwa kilo ya kahawa ya maganda. Alipompelekea yule bwana gunia la mwisho mwezi Desemba, bei ya kahawa ya arabika kwenye soko la New York ilikuwa imevuka rekodi ya mwaka 1977. Jirani zake waliopeleka chamani walilipwa vizuri. Yeye hela yake ilishaliwa na ada zamani.

Kuuza kahawa ingali maua namna hii, ndugu zetu wa Kagera wanaita butura. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na kwa miaka mingi nimewaambia wakulima kwamba butura ni wizi mtupu. Siku hizi sisemi hivyo tena, maana hata New York wanauziana kahawa ambayo haijaiva. Mkataba mmoja wa arabika kule ni ratili 37,500, yaani kama magunia 283 ya kilo 60, na bei yake ndiyo wanayoitazama wanunuzi wanaokuja mnadani hapa Moshi. Mwenye kahawa anafunga bei mapema ili ikiporomoka asiumie. Na huporomoka kweli: mwaka 2001 ilishuka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na huku kwetu wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya.

Mikataba ya namna hii, ambayo thamani yake inatokana na bei ya kitu kingine, wataalamu huiita derivativu. Kilichonishika mimi ni ulinzi wake. Pale sokoni kila upande unaweka dhamana. Kila jioni hesabu inapigwa upya, na aliyepoteza siku hiyo anaongeza fedha. Asipoongeza, mkataba wake unafungwa. Katikati ya muuzaji na mnunuzi kuna taasisi inayobeba deni mmoja wao akishindwa. Bei inaonekana na kila mtu. Baba mdogo hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Na si yeye peke yake. Kampuni ya bima ya AIG ya Marekani iliuza mikataba ya kukinga hasara mikopo ya nyumba isipolipwa, kwa mapatano ya pande mbili tu, nje ya soko lolote, na mingi haikuwekewa dhamana tangu mwanzo. Brooksley Born, aliyeongoza tume ya Marekani inayosimamia masoko ya derivativu, alitaka mikataba ya pembeni ichunguzwe tangu 1998. Wakubwa wakampinga, na mwaka 2000 ikatungwa sheria ya kuiacha bila usimamizi huo. Septemba 2008, mikopo ya nyumba ilipokuwa hailipiki na AIG ikaelemewa, serikali ikalazimika kuiokoa AIG kwa mkopo wa hadi dola bilioni 85. Ndipo sheria ya 2010 ikaagiza mikataba mingi ya aina hiyo ipitie kwenye taasisi ya katikati na iandikishwe. Inaniuma kwamba yule mama alisikilizwa nyumba ikiwa imeshaungua.

Sisi hatuwezi kwenda New York. Kahawa ya chama chetu haifikii hata mkataba mmoja. Lakini kuandikisha tunaweza. Nimeiomba bodi ya chama tuwe na kitabu cha nakala tatu: ya mkulima, ya mnunuzi, ya ofisi. Kiandikwe kilo, tarehe, bei ya chini, na mgawanyo wa nyongeza mnada ukipanda. Mwenyekiti anasema tutawafukuza wanunuzi. Namheshimu, ila anayekimbia karatasi ya karbon simtaki shambani kwa baba mdogo.

Jana usiku kanipigia. Maua yametoka, na yule bwana amerudi na bahasha.

"Umeshaweka dole, baba?"

"Bado, mwanangu."

Nimemwambia Jumatatu waje wote wawili ofisini.