Nilivyokokotoa joto ndani ya vizimba vya kobalti, kwa umeme wa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, ukisema unasomea kobalti watu wanafikiria malori ya mpaka wa Kasumbalesa au betri. Mimi nilitaka kujua joto linapitaje ndani ya skuterudaiti, fuwele ya kobalti na antimoni (CoSb3). Umbo hilo lina jina la Skutterud, huko Norwei, walikochimba kobalti kabla yetu.

Kipande chake cha msingi kina atomi 32: kobalti 8, antimoni 24, na katikati yao vizimba viwili vitupu. Ukiweka humo atomi nzito, mfano iterbiamu, inatikisika kama punje ndani ya kayamba. Joto linapita kwa shida, umeme unaendelea kupita. Mwaka 1995 mwanafizikia Glen Slack alishaeleza kwamba hicho ndicho kitu cha kutafuta kama unataka kugeuza joto linalopotea kuwa umeme.

Nilikuwa na kompyuta moja ya mezani na programu ya LAMMPS, ya kuiga mwendo wa atomi, ambayo ni ya bure. Fomula ya nguvu kati ya atomi niliichukua kwa watafiti waliokwisha kuichapisha. Nikajenga mchemraba wa atomi 2048, wenye vizimba 128.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kupasha moto upande mmoja na kupoza mwingine, lakini inataka fuwele ndefu sana. Nikachagua ya wanafizikia Green na Kubo: unaziacha atomi zitulie kwenye kelvini 300 (karibu nyuzi 27 za Selsiasi), husukumi chochote, unaandika tu mkondo wa joto unavyopanda na kushuka wenyewe, kisha unapima unachukua muda gani kusahau ulivyokuwa. Ukichelewa kusahau, joto linapita vizuri.

Shida ni kwamba njia hiyo inataka muda mrefu, na umeme wa mtaani kwetu haungoji hesabu. Mdogo wangu mmoja wa idara ya kompyuta ndiye aliyenifungua macho: “Yaya, kwa nini usiikate vipande?” Kweli, wastani wa zamu nyingi fupi za hesabu, kila moja ikianza na kasi tofauti za atomi, unafaa sawa na zamu moja ndefu, mradi kila zamu izidi mara nyingi ule muda wa kusahau. Nikaamuru programu ihifadhi hali ya atomi kila baada ya muda mfupi. Umeme ukikatika, napoteza kipande kidogo tu.

Kazi ngumu ilikuwa kusoma mchoro. Jumla ya kumbukumbu ya mkondo inapanda, inalala kama meza, halafu kelele inaanza kuivuta juu na chini. Nambari inachukuliwa pale kwenye meza. Zamu moja haikuonyesha meza yoyote, nilipozichanganya ikajitokeza.

Fuwele tupu ilipitisha joto karibu wati 10 kwa mita kwa kelvini, kama maabara zinavyopima. Nilipojaza vizimba ikashuka chini ya nusu. Lakini sikubali tena ile hadithi kwamba mgeni, yaani atomi iliyowekwa kizimbani, anacheza peke yake. Nikilinganisha mwendo wake na wa antimoni zinazomzunguka, vinafuatana. Mwaka 2008 majaribio ya nyutroni kwenye skuterudaiti zenye chuma badala ya kobalti yalionyesha jambo hilohilo. Sasa najaza nusu ya vizimba, bila mpangilio, nione joto linashuka kwa kiasi gani.