Mnyoo Aliyefia Shavuni

Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka saba, nasi tukiishi kwa bibi katika kijiji kimoja karibu na Wete, kisiwani Pemba, shavu lake la kushoto lilipoanza kumuuma na tundu moja tu la pua, la upande uleule, likawa linatoa usaha unaonuka hata wenzake wakakataa kuketi naye katika chuo cha Kurani. Kituo cha afya kilisema ni ugonjwa wa sainasi, kikampa dawa ya kuua bakteria. Harufu ikapungua, na dawa ilipokwisha ikarudi.

Daktari wa masikio na pua tuliyepelekwa kwake baadaye hakuridhika. Alieleza kuwa mafua ya kawaida hushika pande zote mbili, na mtoto anayenuka tundu moja aghalabu huwa amejitia kitu, kama vile ushanga au punje ya kunde. Alimulika asione kitu, lakini picha ya eksirei ilionyesha kuwa uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu umejaa. Ndipo alipouliza kama mtoto aliugua karibuni. Bibi akajibu kuwa alipata homa kali ya malaria, akatapika na mchango, yaani minyoo wa tumboni, "lakini hayo ya mchango ni mambo ya watoto, mwanangu."

Daktari alimwomba ayarudie hayo ya mchango. Minyoo hao, ambao jike lao huweza kufikia sentimita 35 na kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, makao yao ni utumbo mwembamba. Homa kali ikiwachafua huhama, wengine wakapanda hadi kooni. Aghalabu hutokea mdomoni. Ni nadra sana mmoja kupita nyuma ya kaakaa akaingia puani, na akiwa bado mwembamba akapenya hadi ndani ya sainasi, yaani uwazi huo wa mfupa wa shavu.

Kabla ya kuoshwa ndani ya shavu, mtoto alitibiwa minyoo kwa mebendazoli kwa siku 3, kwa kuwa dawa ya usingizi nayo huweza kuwachokoza, na daktari hakutaka mwingine apande njia ya hewa mgonjwa akiwa amelala. Maji ya kuoshea yalitoka na usaha mzito, na ndani yake kipande cha mnyoo aliyekwisha kulainika, chenye urefu wa kidole.

Bibi aliomba kukiona. Alikitazama kwa muda mrefu ndani ya kichupa, kisha akauliza kilifikaje huko ilhali tumbo liko chini, akaelezwa upya tangu mwanzo: mayai hutoka na choo, hukaa udongoni hata miaka, nasi watoto tuliokuwa tukila maembe mabichi chini ya mikarafuu bila kunawa tuliyameza. Usaha ulikoma wiki hiyohiyo. Watoto wote wa nyumba ile tulipewa dawa, na bibi, ambaye kwa miaka alikuwa akisema kichaka kinatosha, hakumpa baba nafasi ya kupumua mpaka choo cha shimo kilipochimbwa.