Bafu la Ngamiani

Mwezi wa nne 2014, masika yakinyesha, tuliitwa kubandika vigae kwenye bafu la nyumba ya zamani pale Ngamiani, Tanga. Mita 2.1 kwa 1.5, basi. Vigae vilikuwa vimeshanunuliwa.

"Mwanangu, hapo pamebonyea kidogo tu, jazeni gundi ya vigae," alisema bi mkubwa mwenye nyumba.

Nikaomba jagi la maji, nikamwaga katikati. Hayakwenda kwenye tundu la kutolea maji. Yalituama nyuma ya mlango. Nikazungushia chaki ukingo wa kidimbwi, kisha tukapima usawa kwa mpira uliojazwa maji: kona ile ilikuwa chini ya mdomo wa tundu kwa milimita 28.

"Mama, gundi hii ni ya milimita 3 hadi 6. Ukiijaza sentimita tatu itasinyaa ikikauka, na kigae kitashuka nayo."

Fundi aliyetangulia alikuwa ameshajaribu kusawazisha kwa udongo, yaani mchanga uliochanganywa na saruji, wa sentimita moja juu ya sakafu kavu. Niligonga kwa sarafu: patupu kutoka dirishani hadi kwenye tundu. Zege kavu lilikuwa limeyanywa maji ya udongo kabla saruji haijashika. Tuliubandua kwa vidole, vipande vyepesi kama maganda.

Tukatindua miinuko, na kuzunguka tundu tukashuka sentimita 3 ili udongo mpya upate unene. Tukasugua kwa brashi ya waya, tukalowesha usiku kucha. Asubuhi tukakausha madimbwi na kupaka niru, saruji iliyokorogwa na maji, nzito kama uji, kipande kwa kipande, udongo ukifuata papo hapo. Wengi huharibu hapa, maana niru iliyokauka haishikishi, inatenganisha.

Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ulitosha, kwa ndoo saba za lita 20 za mchanga wa mto. Kijana wa nyumbani alileta mkokoteni wa mchanga wa ufukweni. Tukaukataa, chumvi yake huvuta unyevu na kuchafua viungo vya vigae. Maji tuliweka kidogo: ukifumbata udongo unashikana, kiganja hakilowi. Tukavuta uzi kuelekea kwenye tundu, mteremko sentimita 2 kwa kila mita, tukashindilia na kupiga rula tukirudi nyuma hadi mlangoni.

Siku saba tulifunika kwa magunia tukiyamwagia maji asubuhi na jioni. Ya nane, bi mkubwa alimwaga jagi mwenyewe, pale pale nyuma ya mlango, akainama kutazama mpaka tone la mwisho lilipoingia tunduni.

"Haya, fundi. Changanya gundi yako."