Barry Sanders kwenye Blender: mguu umekaa!

Wadau, umekaa! Namuunda Barry Sanders, mkimbiaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani, kwenye Blender, programu ya katuni za 3D, na mguu wake umekanyaga nyasi bandia na hauteremki wala hautelezi, nimepeleka kamera mpaka usawa wa soli nikapitia fremu moja moja, hausogei kabisa. Nina furaha hata usingizi hauji.

Mnaofuatilia mnajua naunda ile mbio ya yadi 47 dhidi ya timu ya Dallas, Januari 5, 1992 pale uwanja wa Silverdome, timu yake Detroit Lions walishinda 38-6 na baada ya hapo Detroit hawakushinda tena mechi ya mtoano mpaka Januari 2024. Kukimbia moja kwa moja sio ishu. Kasheshe ni pale katikati, jamaa wa Dallas wamemzunguka, kila mtu anajua imeisha, halafu anachomoka. Hapo ndipo nilipokwama muda wote huu. Nikifunga mguu kwa IK (unaweka unyayo mahali, programu inapinda goti yenyewe), nyonga zinaenda pembeni, goti linanyooka ghafla paap, kama rula. Nikilegeza IK goti linakuwa zuri ila mguu unateleza, na nyasi za Silverdome zile kiatu kinashika kwelikweli, mguu ukiteleza umeua kila kitu.

Data za bure za kunasa mwendo hazinisaidii, waliorekodiwa wanapiga chenga kwa kutanguliza bega. Barry hafanyi hivyo! Sentimita 173, kilo kama 92, mapaja hayo, nyonga zinashuka KABLA mguu haujatua, na kifua bado kinaangalia kule alikokuwa anaenda mwanzo, ndo maana beki anayesoma kifua anaachwa amesimama. Kwahiyo nimesogeza fremu za nyonga zitangulie kushuka, mguu utue nyuma yake, bega lifuate mwisho kabisa. Nyonga zikiwa chini tayari goti lina nafasi ya kukunjuka, IK haivutwi, basi, tatizo limekufa.

Kuna wanaoniambia nihamie zile programu zinazokokotoa fizikia zenyewe. Kwa kuruka na kudondoka ziko poa, ila zinalainisha kila kona, na chenga ya Barry utamu wake ni ile kona kali. Mimi nabaki kuvuta mistari ya mwendo kwa mkono.

Na wale wa "alikuwa anacheza cheza tu anapoteza yadi", jamani, misimu 10, mbio 3,062, yadi 15,269, wastani yadi 5 kila akishika mpira. 1997 alianza na yadi 33, mechi ya pili 20, halafu mechi 14 zote zilizobaki akavuka 100 na kumaliza na 2,053. Julai 1999 akatuma faksi gazeti la kwao Wichita kwamba anastaafu, amebakiza yadi 1,457 tu kumfikia Walter Payton, aliyekuwa anashika rekodi ya yadi za kukimbia. Bado inaniuma aisee.

Ratiba ilisema sasa naenda Tampa Bay, Oktoba 1997, zile tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) mbili za yadi 80 na 82 mechi moja. Naiweka pembeni kwanza, maana nilikuwa napitia namba za 1989 nikakutana na Christian Okoye. Mnigeria, mrusha kisahani, alienda chuo cha Azusa Pacific na mpira huu ameanza kuucheza ana miaka 23, halafu mwaka huo akaongoza ligi nzima na Kansas City Chiefs, yadi 1,480. Barry, msimu wake wa kwanza, 1,470! Mechi ya mwisho kule Atlanta angeweza kurudi uwanjani akazitafute hizo 10, akakataa, mechi walishashinda.

Sasa Okoye ni karibu kilo 118, huyu hapigi chenga, anakuja tu na wewe ndo unarudi nyuma. Nataka uzito uonekane kwenye kugongana, sio kwenye miguu. Nimeshaanza kuchonga mabega na zile pedi kubwa. Mwenye uzoefu wa jezi inayochanika ikivutwa aniambie, mnaikata vipande kabla au mnaiacha simulesheni ichane yenyewe?