Ile feni siyo hologramu, mdogo wangu

Juzi mdogo wangu kanirushia klipu WhatsApp, yuko kwenye duka moja la simu Kariakoo, kuna feni imebandikwa ukutani inazunguka na hewani simu inaelea inajigeuzageuza, kaandika "braza hologramu zimefika bongo". Sikumjibu siku ile maana najijua, nikianza simalizi. Sasa naanza.

Ile ni feni yenye taa za LED kwenye mapanga. Inazunguka haraka, jicho linachelewa, unaona picha, basi. Hata yule marehemu Tupac aliyetokea jukwaani kwenye tamasha la Coachella Marekani 2012, mnayenibishia kila siku, hakuwa hologramu, ni picha imeakisiwa kwenye utando wa plastiki uliolazwa kimshazari jukwaani, mchezo ambao Profesa Pepper alishawatisha nao watu London mwaka 1862, yaani majumbani umeme bado haujaingia.

Na mchezo wa Pepper tunauona kila siku. Panda daladala usiku ukae dirishani, sura yako imo kwenye kioo na hapohapo unawaona wakaanga chipsi wa Buguruni huko nje. Kioo cha kawaida kinarudisha kama asilimia 8 tu ya mwanga ndio maana unajiona kama mzimu, ukitaka ujione vizuri inabidi kipakwe kama kile cha saluni, ila kikipakwa hivyo mkaanga chipsi naye anaingia gizani. Hapo ndipo wanaotengeneza miwani ya kuonyesha picha huku unaona mbele walipokwama miaka mingi: picha ikikolea, dunia inafifia.

Hologramu yenyewe sasa, yaani picha inayorekodi mawimbi yenyewe ya mwanga, hapa ndio mi huwa napagawa. Mwanafizikia Dennis Gabor aliiwaza mwaka 1947 akihangaika na hadubini, akakosa mwanga wa kuifanyia kazi vizuri mpaka leza (mwanga wa rangi moja tupu, mawimbi yake yanakwenda pamoja) ilipokuja 1960. Unachukua leza ya kijani unaigawa mara mbili, miale miwili inakuja kukutana ndani ya utando mwembamba wa jelatini (ndiyo, ndugu yake ile ya jeli ya kula, ila imetiwa kemikali), moja inatokea mbele nyingine nyuma, na pale inapogongana mawimbi yanachora matabaka humo ndani, kutoka tabaka hadi tabaka haifiki nanomita 200 (milimita moja ina nanomita milioni), unene wa unywele mmoja unameza mamia ya hayo. Meza inaelea juu ya hewa na watu wanaambiwa wasitembee, maana kikitikisika kidogo tu imeharibika unaanza upya.

Ukimaliza una utando ambao kwa kijani kile, na kwa pembe ile, ni kioo cha kujitazamia kabisa. Nyekundu inapita. Bluu inapita. Mkaanga chipsi anaonekana vizuri kabisa, na picha yako ya kijani imekaa juu yake inawaka! Halafu kituko ni kwamba utando uko bapa kama karatasi lakini unakusanya mwanga kama kioo kilichobonyea, kwa sababu ule mbonyeo ulirekodiwa pamoja na mwanga. Marubani wa ndege za kivita wamekuwa nao mbele ya macho tangu miaka ya 80.

Kwenye picha ya pande tatu bado kuna kazi. Miwani ya HoloLens ya Microsoft ya 2016 pamoja na jina lake lote ilikuwa inalipatia kila jicho picha yake bapa, na fokasi imewekwa kama mita 2, kwa hiyo ukikisogelea kitu macho yanapinda kukifuata ila lenzi ya jicho imebaki kulekule mita 2, na ubongo haupendi ugomvi huo, unakulipa kichwa kuuma. Skrini ya hologramu kwelikweli ingelirudisha wimbi lenyewe la mwanga, jicho likalenga lenyewe kama linavyolenga kikombe mezani. Kwenye sahani ya kioo hilo lilishawezekana zamani, mwanafizikia Denisyuk kule Urusi alikuwa na zake miaka ya 60. Kuifanya itembee kama video ndio mziki.

Nimemtumia haya yote kwa voice note ya dakika sita. Kanijibu "sawa braza, kwa hiyo hapa Dar hologramu yenyewe naiona wapi?" Nikamwambia toa kadi yako ya benki, kama ina ile picha inayong'aa rangirangi, toka nayo juani uigeuzegeuze.