Nilivyozoea kusafisha damu nyumbani kwa njia ya tumbo

Nyumba yetu hapa Reading, Uingereza, haijawahi kukosa wageni. Mimi ni mtu wa Tanga, mume wangu wa Pemba. Mtu akipiga hodi Jumamosi hatumuulizi amefuata nini, tunamuuliza kama amekula. Presha ilipozimaliza figo zangu, daktari akanitaka nichague: kwenda hospitali mara tatu kwa wiki kwenye mashine ya damu, au kujisafisha mwenyewe nyumbani kupitia tumbo. Mpira wa tumboni niliuogopa, lakini nilichokihofia zaidi ni jinsi ya kuwafungia watu mlango.

Dayalisisi hii, yaani kusafisha damu kupitia tumbo, haichomi sindano. Unafanyiwa upasuaji mdogo, unawekewa tumboni mpira laini ambao ncha yake inabaki nje siku zote. Kidonda changu kiliachwa kipone kwanza, ndipo tukaanza. Maji maalumu yenye sukari huingizwa tumboni na kukaa humo. Uchafu wa damu hupenya kwenye utando unaozunguka matumbo ukaingia kwenye maji hayo, nayo sukari huvuta maji yaliyozidi mwilini. Kisha hutolewa, yakaingizwa mengine. Wapo wanaobadilisha kwa mkono, kwa kawaida mara nne kwa siku. Mimi nafanya kazi mchana kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo nilichagua mashine ya usiku inayobadilisha nikiwa nimelala, kazi inayochukua saa nane au tisa.

Nesi aliyenifundisha alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa usafi. Kabla ya kujiunga na mashine nafunga dirisha, nazima feni, navaa barakoa, nanawa mikono kwa sabuni hadi katikati ya vidole na kuikausha vizuri. Nikishavua kifuniko cha mpira, ile ncha haigusi kitu: si kidole, si kanga, si shuka. Ikigusa, unafunga kibano, unaacha kila kitu na kumpigia nesi. Vijidudu vikipata njia ya kuingia tumboni, utando huambukizwa, na hayo ni maradhi ya kulazwa, au hata kuipoteza njia hii kabisa. Kila asubuhi nautazama mfuko wa maji yaliyotoka. Maji mazuri ni ya manjano hafifu, ukiweka gazeti nyuma yake unasoma. Yakiwa na ukungu kama tui la pili, au tumbo likiuma, au homa ikipanda, hakuna kusubiri kesho: unapiga simu saa hiyo hiyo na mfuko unakwenda nao.

Sasa mwambie haya shangazi aliyetoka mbali kuja kukujulia hali. Kwetu mgonjwa hufuatwa kitandani, watu wakakaa naye na kumsomea dua. Mwanzoni mume wangu aliwazuia mlangoni kwa adabu, na nikasikia minong'ono kwamba tunaficha jambo. Iliniuma sana. Nikaamua kuwaita akina mama mchana, mashine ikiwa imezimwa, nikawaonyesha kila kitu: mashine, maboksi yaliyopangwa ukutani, vifuniko, hata mpira wenyewe chini ya plasta. Shangazi yake mume wangu akashika shavu. “Mwanangu, kumbe ni usafi tu? Sisi tulidhani umekata tamaa, hutaki kutuona.” Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wangu. Wageni wananikuta sebuleni, na baada ya Isha akiniona nimeinuka, anawaambia, “Mwacheni, saa yake imefika.”

Usiku wa mwanzo ulikuwa mgumu. Mashine hulia mrija ukijikunja au ukiulalia, nasi tukishtuka sote wawili. Lakini kengele nyingi zilisababishwa na jambo ambalo nisingelifikiria: choo kigumu. Utumbo ukijaa, huuzuia mpira na maji hayatoki. Nilipopewa dawa ya kulainisha choo, mashine ilitulia.

Chakula nacho kilibadilika, ila si kwa njia niliyoitarajia. Protini hupotea kwenye maji yanayotoka, kwa hiyo nilihimizwa nile samaki, kuku na mayai zaidi. Ng'onda na achari niliviaga kwa sababu ya chumvi, maana chumvi huleta kiu, na kiu hukufanya unywe maji hadi mwili uvimbe. Mahamri nimepunguza, kwani mwili tayari unanyonya sukari ya kwenye maji. Ndizi niliruhusiwa kwa kiasi kutokana na vipimo vyangu vya damu. Mwenzangu wa mashine ya hospitali amekatazwa. Usiige sahani ya mtu. Kila asubuhi napima uzito na presha, na kwa hivyo vipimo najua usiku nitumie mfuko wa maji yenye sukari kiasi gani.

Ramadhani sitaisahau. Daktari alinikataza kufunga, na imamu wetu akanielekeza nitoe fidia, yaani kulisha maskini kwa kila siku nisiyofunga. Kupika futari ya watu wote huku mimi nimekula mchana kulinitoa machozi. Mume wangu akahamishia fidia yangu Tanga, kwa jirani ya mama ninayemjua kwa sura, na hapo nikahisi bado nina fungu langu katika mwezi.

Ukiambiwa uchague kama nilivyoambiwa mimi, omba hospitali ikukutanishe na mgonjwa anayejisafisha nyumbani, uende ukaone chumba chake kwa macho yako. Pima na chumba chako: maboksi ya mwezi mzima huchukua ukuta mzima, na ni mazito, lazima awepo wa kuyabeba. Halafu waite jamaa zako wayaone kabla hujaanza.