Vidonge vya FEFO ndani ya kibahasha cha mama

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 26, mtoto mmoja wa miaka mitatu, na biashara ya maandazi pale Muheza, Tanga, ambayo ilikuwa imeanza kunipa hela ya kueleweka. Nikashika mimba ya pili. Mimba yenyewe ilinisumbua tangu mwanzo, natapika mpaka nyongo, na tumbo lilikuwa kubwa kuliko miezi yake, watu wakawa wananiambia ni mapacha hao. Mwezi wa nne nikaanza kutoka damu. Kwenye ultrasaundi hakukuwa na mtoto, yule mpimaji akanyamaza kwanza, alafu akasema mama hii ni mimba zabibu.

Kama hujawahi kusikia, ni hivi: mimba inatungwa vibaya tangu siku ya kwanza, mtoto hatokei, kondo peke yake ndo linakua, linavimba vijifuko vingi vya maji vimeshikana kama kichala cha zabibu. Nikasafishwa kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja, nikalala siku mbili, nikaambiwa nimepona nenda nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba mwanamke aliyetoka mimba zabibu anatakiwa kupimwa damu kila wiki, kuangalia homoni ya mimba inayoitwa HCG, mpaka iishe kabisa. Hata kikaratasi sikupewa. Hilo bado linaniuma, kwa sababu kile kipimo ndo kingenishika mapema.

Miezi mitatu ikapita, nikawa natoka damu kidogo kidogo, nikafikiri ni hedhi imevurugika. Alafu nikaanza tena kichefuchefu. Nikapima mkojo, mistari miwili! Wifi yangu akapiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilifurahi, siwezi kudanganya, nilifurahi sana. Kumbe ile homoni ilikuwa inatoka kwenye mabaki ya kondo yaliyobaki kwenye ukuta wa kizazi, yamegeuka saratani na yanaendelea kukua. Ni saratani ya nadra, nilipofika Ocean Road, ile hospitali ya saratani pale Dar, wodi nzima nilikuwa peke yangu mwenye ugonjwa huo, wenzangu karibu wote ni wa shingo ya kizazi na matiti.

Daktari alinieleza kwa utaratibu. Akasema dada, saratani nyingi tunakata kinyama tupeleke maabara, hii yako hatukati, ina mishipa mingi ya damu ukiigusa inamwaga, ila inajitaja yenyewe kwenye damu. HCG yangu ilikuwa elfu 41 na kitu, wakati mtu ambaye hana mimba haitakiwi kufika hata 5. Eksirei ya kifua ilikuwa safi. Wakanihesabia pointi, kwamba umri, ukubwa wa uvimbe, kiwango cha homoni, muda tangu ile mimba, imesambaa wapi, kila kitu kina pointi zake. Mimi nikapata 3. Akasema kuanzia 0 mpaka 6 tunaanza na dawa moja tu, 7 kwenda juu ndo tunachanganya dawa nyingi. Dawa yako inaitwa methotreksati, na wanawake wa kundi lako karibu wote wanapona. Nilimuuliza mara mbili kama amesema wanapona au wanapata nafuu. Akasema wanapona.

Dawa yenyewe ni ya njano, njano kama mafuta ya kupikia yaliyo safi. Miligramu 50 kwenye msuli wa tako. Jumatatu sindano, Jumanne kidonge, Jumatano sindano, Alhamisi kidonge, hivyo hivyo mpaka Jumapili sindano ya nne na Jumatatu inayofuata kidonge cha mwisho. Alafu unapumzika, ukitimiza wiki mbili tangu sindano ya kwanza unaanza upya. Kabla ya kila raundi wanapima damu, ini na figo. Nywele hazikunyonyoka, wengi wanashangaa nikiwaambia, wanadhani kemo zote, yaani dawa za saratani, zinanyoa. Kilichonitesa ni mdomo. Raundi ya kwanza ilipoisha nikatoka vidonda ndani ya mashavu na chini ya ulimi, uji wa vuguvugu nauona moto, na macho yanakereketa kama yameingia mchanga.

Sasa mama yangu akaja kutoka Muheza. Alikuja na kikapu cha machungwa, maskini, machungwa ambayo siwezi hata kuyanusa na mdomo ule, na akaja na kibahasha kidogo cha karatasi, vile vya dispensari, kimeandikwa kwa peni 1x1. Ndani kuna vidonge vyekundu. FEFO. Alipewa na jirani yetu mjamzito, alimwambia binti yangu amekuwa mweupe kama karatasi, damu hana. Kila mwanamke aliyewahi kwenda kliniki anavijua vile vidonge, ni vya kuongeza damu, nani ataviogopa? Mama akanipa kimoja Jumapili jioni, siku moja kabla sijaanza raundi ya pili, akawa ananipa kila siku na uji, na mimi nameza. Nilikuwa naona kabisa kwamba mama yangu ananitibu na yeye.

Jumatano asubuhi alikuja sista wa zamu na sindano ya pili ya raundi ile. Mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akafungua kabati dogo la kando ya kitanda aweke kikombe changu cha maji, maana walikuwa wanatuhimiza maji kweli kweli ili figo zitoe dawa, akakiona kibahasha. Akakichukua. Akavaa miwani, akamwagia vidonge kwenye kiganja, akavigeuza kimoja kimoja kwa kidole.

"Umemeza vingapi?"

"Vitatu, sista. Kwani vibaya?"

Hakupiga kelele. Aliweka trei ya sindano chini, akakaa kwenye kitanda, kitu ambacho masista hawafanyi. Mama alikuwa amesimama kwenye miguu yangu ameshika chupa ya chai. Sista akaniuliza, mwanangu unafanya kazi gani? Nikamwambia nauza maandazi. Akasema basi vizuri, nitakueleza kwa maandazi.

Akasema: hamira ya punje ukiimwaga tu kavu kwenye unga inafanya kazi? Nikasema hapana sista, ile lazima kwanza uiamshe kwenye maji ya vuguvugu na sukari kidogo, itoe povu. Akasema ndivyo. Sasa hii FEFO ina madini ya chuma na ina asidi ya foliki, na foliki ndo hamira ya mwili. Seli yoyote inayotaka kujigawa mbili inaihitaji, lakini mwili nao lazima uiamshe kwanza ndo ifanye kazi. Methotreksati ukiitazama umbo lake inafanana na foliki, kama pacha wake, kwa hiyo inaingia inakalia ile sehemu ya kuamshia, inaganda pale, haitoki. Foliki inabaki kavu. Seli inakosa hamira, unga unakandwa lakini hauumuki. Na ugonjwa wako ndo unaojigawa kwa pupa kuliko vyote, kwa hiyo ndo unaokufa kwanza. Ila mdomo wako nao unajigawa haraka, na utumbo, na kiwanda cha damu kwenye mifupa, ndo maana una vidonda.

Nikamuuliza kitu ambacho kilikuwa kinanisumbua tangu raundi ya kwanza. Sista, sasa mbona vidonge mnavyonipa nyinyi Jumanne na Alhamisi nilisikia daktari anaviita asidi ya foliniki, si jamii hiyo hiyo?

Akatabasamu, nafikiri alipenda lile swali. Akasema ni ndugu, lakini kile ni hamira iliyokwisha kuamshwa. Imeshatoa povu, haihitaji kupita pale palipozibwa. Tunaacha dawa ifanye kazi kwanza siku nzima na usiku wake, karibu masaa 30, alafu ndo tunakupa foliniki ikaokoe mdomo na damu yako. Saa yake ikifika unameza, usiisahau na usiiwahishe. Sasa wewe ukinywa hivi vya mama kila siku, unaleta foliki ikapiganie mlango na dawa, unaipunguza makali dawa uliyoifuata kutoka Muheza mpaka hapa.

Alafu akaniuliza kama nimekunywa na diklofenaki au septrini, nikasema diklofenaki moja, ya mgongo, wiki iliyopita. Akatikisa kichwa, akasema usirudie, hizo mbili zinaifanya dawa iwe kali kupita kiasi mwilini, maumivu utaniambia nitakupa panado.

Mama hakusema neno muda wote huo. Nikamwangalia, machozi yanamtoka, ameikumbatia ile chupa ya chai. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kumbe nakulisha sumu." Sista akainuka akamshika bega akamwambia mama yangu, hii sio sumu, hii ni dawa nzuri sana ila siyo ya binti yako mwaka huu. Akavirudisha kwenye kibahasha kimoja kimoja, akakikunja mdomo, akampa mkononi. "Mrudishie jirani yako, yeye ndo anaihitaji." Akanigeuza ubavu akanichoma ile sindano. Baadaye alikuja daktari, wakazungumza pembeni, wakaamua kuendelea kama kawaida na kusubiri kipimo.

Zile siku za kusubiri mama hakula vizuri. Majibu yalikuja HCG imeshuka, raundi ya kwanza ilikuwa imefika elfu 12 na mia sita, sasa elfu 2 na mia tisa. Nilimsomea mara tatu. Baada ya hapo 310, alafu 27, alafu raundi ya tano ikawa 3. Mtu mzima, nimepona, damu imekatika, vidonda vimekauka. Mume wangu akaja na begi turudi nyumbani, na alikuwa na haki yake, hela ilikuwa imeisha na mtoto tumemwacha kwa watu. Daktari akakataa. Akasema kufika chini ya 5 ndo tumeanza kumaliza, bado raundi 3 nyingine, wiki 6, kwa sababu seli zilizobaki ni chache mno kipimo hakizioni lakini zipo.

Nikabaki. Miaka baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo lile la kuendelea na dawa lilimgharimu mtu kazi. Daktari mmoja mzaliwa wa China, Min Chiu Li, alikuwa Marekani kwenye taasisi ya taifa ya saratani pale Bethesda, 1956 yeye na mwenzake Roy Hertz wakaonyesha kwamba methotreksati inayeyusha saratani hii ya kondo, hata kwa wanawake ambao uvimbe umefika mpaka kwenye mapafu. Li akaendelea kuwachoma sindano hata baada ya uvimbe kupotea, kwa sababu homoni ilikuwa bado ipo kwenye damu. Wakubwa zake wakaona anawapa sumu bure watu waliokwisha kupona, wakamwondoa. Ikaja kuonekana wale alioendelea nao mpaka homoni ikaisha ndo waliobaki wazima. Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya muda mrefu, nikizifikiria zile raundi tatu zangu za mwisho ambazo tulitaka kuzikimbia.

Raundi 8 jumla. Nikaambiwa nisishike mimba mwaka mzima, sababu homoni ya mimba ingechanganya vipimo wasijue ni mtoto au ni ugonjwa umerudi. Nilikuwa nasafiri kila mwezi kwenda kupima, basi la Tahmeed la alfajiri, narudi na jibu lile lile, chini ya 5.

2016 nikashika mimba. Kwenye ultrasaundi ya mapema nilifumba macho mpaka yule mpimaji akaniambia mama angalia, moyo huo hapo unapiga. Siku ya kliniki ya kwanza nesi binti mdogo akanipa kibahasha cha karatasi, kimeandikwa 1x1, vidonge vyekundu. Nikamuuliza kama ana uhakika hivi ni vyangu. Akasema ndio mama, vya damu. Nikamuuliza tena.

Nilifika nyumbani nikavimwaga kwenye kiganja nikavigeuza kimoja kimoja kwa kidole. Mama alikuwa jikoni, akaniona, akaja na kikombe cha maji, akasimama pale pale mbele yangu mpaka nikameza.